NFL ya Jumapili au vyuo vya Jumamosi: uanze na ipi?

Mtu akitaka kuanza kufuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, sheria za uwanjani hazimsumbui muda mrefu. Mechi tatu nne na mtangazaji mvumilivu zinatosha. Kinachowakatisha tamaa wengi ni ratiba na msimamo. Kwa nini timu hii haikutani na ile? Kwa nini aliyeshinda mechi 11 amebaki nyumbani Januari, na aliyeshinda 7 yuko kwenye mtoano? Na nani aliyeamua hivyo?

Majibu yanategemea unafuata nini: NFL, ligi ya kulipwa inayochezwa zaidi Jumapili, au mpira wa vyuo vikuu, ambao siku yake ni Jumamosi. Mchezo unafanana. Njia ya kufika kileleni haifanani hata kidogo. Kwangu mimi anayeanza aanze na NFL, na nitaeleza kwa nini, ingawa wako watu ambao ningewaelekeza vyuoni moja kwa moja.

Tatizo ni moja kwa wote wawili

Sisi tuliokulia kwenye Ligi Kuu, iwe ya Tanzania Bara au ya Kenya, tumezoea kila timu kukutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini, kisha mwenye pointi nyingi anabeba kombe. Mtoano haumo. NFL ina timu 32. Kwa utaratibu wetu kila timu ingecheza mechi 62. Mchezo huu unavunja watu mbavu, mechi moja kwa wiki tayari ni kazi. Kwa hiyo wanacheza mechi 17 katika wiki 18, na kila timu ina wiki yake moja ya mapumziko. Vyuo vya daraja la juu navyo vinazidi 130, na kila kimoja kwa kawaida kinacheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi, yaani makundi ya vyuo.

Maana yake ni kwamba lazima pawe na namna ya kupanga nani akutane na nani, na baadaye namna ya kupima timu ambazo hazijawahi kuonana msimu mzima. NFL wameikabidhi kazi hiyo kanuni. Vyuo wameikabidhi kwa watu.

NFL: wapinzani wanajulikana kabla hujauliza

Timu 32 zimegawanywa konferensi mbili, AFC na NFC, 16 kila upande. Kila konferensi ina divisheni nne za timu nne nne, zenye majina ya pande za dunia: Mashariki, Kaskazini, Kusini, Magharibi. Usiyachukulie majina hayo kama ramani. Dallas Cowboys wa Texas wako NFC Mashariki pamoja na New York Giants, Philadelphia Eagles na Washington Commanders, kwa sababu utani wa jadi kati yao ni wa zamani na hakuna aliyetaka kuuvunja. Mpangilio huu wa divisheni nane upo tangu 2002, Houston Texans walipoingia na kufanya timu zitimie 32.

Mechi 17 zinapatikana hivi. Sita ni dhidi ya wenzako watatu wa divisheni, nyumbani na ugenini. Nne ni dhidi ya divisheni nyingine nzima ya konferensi yako, na divisheni hiyo hubadilika kwa zamu ya miaka mitatu. Nne nyingine ni dhidi ya divisheni nzima ya upande wa pili, kwa zamu ya miaka minne. Hapo umefika 14, na zote ungeweza kuzijua miaka kadhaa kabla. Tatu zilizobaki ndizo zinazoangalia ulimaliza wa ngapi msimu uliopita: mbili unakutana na timu za konferensi yako zilizoshika nafasi kama yako katika divisheni mbili ambazo hukupangiwa, na moja na timu ya namna hiyo kutoka konferensi ya pili. Uliongoza divisheni, utapewa walioongoza. Ulishika mkia, utapewa wa mkiani wenzako.

Watu hupenda kusema kwamba bingwa "anaadhibiwa" kwa ratiba ngumu. Mechi tatu kati ya 17 si adhabu ya kumfanya mtu alie. Bahati ya zamu ina uzito kuliko hilo: mwaka ambao divisheni yako imepangiwa kukutana na divisheni dhaifu kabisa ya upande wa pili, unapata ahueni ambayo hukuifanyia kazi yoyote.

Mechi ya 17 iliongezwa 2021. Kwa kuwa 17 haigawanyiki kwa mbili, timu za AFC hucheza tisa nyumbani miaka ya witiri na za NFC miaka ya shufwa. Tarehe na saa hutangazwa Mei, lakini wapinzani wenyewe unawajua mara tu msimu unapoisha. Kuna tahadhari moja tu kwa mtazamaji: televisheni zina sauti kubwa, na katika nusu ya pili ya msimu mechi inaweza kuhamishwa saa au hata siku ili ile yenye mvuto iwekwe usiku wa Jumapili. Usipange safari kwa ratiba ya Mei.

Kufuzu kwa penseli na karatasi

Tangu msimu wa 2020 wanaofuzu ni 14, saba kila konferensi. Wanne walioongoza divisheni zao wanachukua namba 1 hadi 4. Watatu wenye rekodi nzuri zaidi kati ya waliobaki wanachukua namba 5 hadi 7. Hao ndio waildikadi. Ukiwakumbuka wale washindi wa tatu bora wanaopenya kwenye makundi ya AFCON, umeelewa. Namba 1 peke yake ndiye anayepumzika raundi ya kwanza. Wengine wanaingia uwanjani, mechi moja ukifungwa umekwenda, na mwenye namba bora anacheza kwake. Baada ya kila raundi namba hupangwa upya ili aliye juu zaidi akutane na wa chini zaidi aliyebakia. Super Bowl, fainali ya ligi, ndiyo pekee inayochezwa kwenye uwanja uliochaguliwa miaka kabla.

Ubaya wa kanuni hii, na ni ubaya wa kweli, uko kwenye heshima inayopewa divisheni. Mwaka 2008 New England Patriots walishinda mechi 11 na kupoteza 5, wakabaki nje. San Diego Chargers walimaliza 8 kwa 8, wakaingia, kwa sababu walikuwa wa kwanza katika AFC Magharibi iliyokuwa hoi. Miaka miwili baadaye Seattle Seahawks waliongoza divisheni yao kwa ushindi 7 na vipigo 9. Wamefungwa zaidi ya walivyoshinda, lakini wakapewa haki ya kuwapokea nyumbani New Orleans Saints, mabingwa watetezi wenye rekodi ya 11 kwa 5. Nchi nzima ilicheka. Seattle wakashinda 41 kwa 36, na Marshawn Lynch akakimbia yadi 67 akiwapangusa mabeki mmoja baada ya mwingine, mashabiki wakaruka hadi vipimo vya tetemeko la ardhi vilivyo karibu na uwanja vikasoma mtikisiko.

Ya karibuni zaidi ni ya msimu wa 2024. Minnesota Vikings na Detroit Lions, wote wa NFC Kaskazini, walifika mechi ya mwisho wakiwa na ushindi 14 kila mmoja, na mechi yenyewe ikiwa kati yao. Mshindi alikuwa anakwenda namba 1 na kupumzika; aliyefungwa alikuwa anaporomoka hadi namba 5. Detroit walishinda 31 kwa 9. Minnesota, wenye ushindi 14 kati ya 17, wakapangwa kama wageni dhidi ya Los Angeles Rams wenye ushindi 10, wakatolewa. Detroit nao hawakufika mbali, Washington waliwafumua katika mechi yao ya kwanza. Lakini hoja ya Minnesota inabaki: ni haki gani hii? Jibu la NFL ni kwamba kanuni ilikuwepo tangu siku ya kwanza na kila mtu aliisoma.

Na hapo ndipo ninapoipendea ligi hii. Timu mbili zikilingana ndani ya divisheni, linaangaliwa kwanza nani alimfunga mwenzake, kisha rekodi ndani ya divisheni, kisha rekodi dhidi ya wapinzani wa pamoja, kisha rekodi ndani ya konferensi, na orodha inaendelea kushuka hadi mwisho kabisa ambako kuna kurusha sarafu. Pointi hakuna, kinachohesabiwa ni asilimia ya ushindi, na sare, ambayo ni nadra, ni nusu ya ushindi. Kufika Desemba shabiki aliyekaa Morogoro au Muscat anaweza kukokotoa mwenyewe timu yake inahitaji nini bila kusubiri mtu amwambie.

Hesabu hizo huzaa mambo ambayo mtunzi wa tamthilia angeyaonea haya. Tarehe 9 Januari 2022, mechi ya mwisho kabisa ya msimu, Las Vegas Raiders dhidi ya Los Angeles Chargers. Matokeo ya mchana yalikuwa yamekaa kiasi kwamba timu hizo mbili zikitoka sare zote zinafuzu, na Pittsburgh Steelers wanabaki nje. Zikakaa 32 kwa 32, muda wa nyongeza ukawa unayoyoma, na ulimwengu mzima ukijiuliza kama watakubaliana kimyakimya kuacha saa iishe. Raiders wakapiga mkwaju wa mwisho katikati ya milingoti, 35 kwa 32. Chargers nje, Steelers ndani, na huko Pittsburgh sidhani kama kuna aliyekuwa amekaa kwenye kiti.

Vyuo: ratiba ya makubaliano, kufuzu kwa hukumu

Vyuoni hakuna ofisi moja inayopanga kila kitu. Kuna konferensi zinazojitegemea, na nne ndizo zenye nguvu na fedha: SEC yenye vyuo 16, Big Ten ambayo licha ya jina lake ina 18, ACC na Big 12. Kila konferensi inapanga mechi zake za ndani, nane au tisa. Zilizobaki chuo kinajitafutia, mara nyingi kwa mikataba iliyosainiwa miaka mingi nyuma, wakati ambapo hakuna anayejua nani atakuwa mzuri. Notre Dame, chuo cha Kikatoliki chenye jina kubwa, hakimo katika konferensi yoyote kwa mpira huu na kinajipangia sehemu kubwa ya mechi zake.

Jiografia imekwisha kufa. Mwaka 2024 vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki, USC, UCLA, Oregon na Washington, vilijiunga na Big Ten, ambayo upande wa pili inafika New Jersey. Fedha za televisheni ndizo zilizovivuta, na Pac-12, konferensi waliyoiacha, ilibaki na vyuo viwili.

Katika zile mechi za kujitafutia, chuo kikubwa humlipa mdogo aje kufungwa. Mara nyingi anakuja, anafungwa, anachukua hundi yake na kuondoka. Mara nyingine mambo yanageuka. Septemba 2007 Appalachian State walikwenda Michigan, mbele ya watu zaidi ya laki moja, wakashinda 34 kwa 32. Septemba 2024 Northern Illinois waliwafunga Notre Dame kwao 16 kwa 14. Zamani kipigo cha namna hiyo kingemaliza msimu wa Notre Dame palepale. Safari hii walifika hadi fainali ya taifa, na sababu ni kwamba mlango ulikuwa umepanuliwa.

Kuanzia 2014 hadi msimu wa 2023 waliochaguliwa kucheza mtoano walikuwa wanne tu. Tangu 2024 ni 12. Kwa misimu ya 2024 na 2025 nafasi tano zilikwenda kwa mabingwa wa konferensi walioorodheshwa juu zaidi, na saba kwa timu nyingine bora. "Bora" kwa maoni ya nani? Ya kamati ya watu 13, wakiwemo wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makocha wastaafu, wanaokutana hotelini Texas, wanatoa orodha yao kila Jumanne kuanzia Novemba, na ya mwisho Jumapili baada ya fainali za konferensi. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wazee. Hawakuwahi kuiona kamati hii.

Desemba 2023 Florida State walimaliza mechi 13 bila kufungwa na wakatwaa ubingwa wa ACC. Kamati ikawaacha, ikawachukua Alabama waliokuwa wamepoteza mechi moja, kwa hoja kwamba Florida State bila kwotabeki wao, yaani mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, aliyevunjika mguu Novemba, hawakuwa timu ileile. Soma tena hapo. Timu haikufungwa na mtu yeyote, ikaondolewa kwa kukisia kwamba ingefungwa. Katika NFL jambo hili haliwezi kutokea, hata kama wachezaji wote wako hospitalini. Wanaoitetea kamati hukumbusha kwamba Florida State waliishia kufungwa na Georgia 63 kwa 3 katika mechi yao ya kufungia msimu. Wanaoipinga hujibu kwamba wachezaji wengi walikwisha susa. Kesi hiyo haina mwisho, na ukikaa na mtu wa Tallahassee, mji wa Florida State, usiianzishe kama una haraka.

Kupanua hadi 12 kulipunguza kelele kwa msimu mmoja hivi. Msimu wa 2024 Ohio State walifungwa na mahasimu wao Michigan nyumbani, kipigo chao cha pili, ambacho zamani kingewaweka pabaya sana; wakaingia kama namba 8 na kubeba kombe. Timu nne zilizopewa mapumziko ya raundi ya kwanza kwa sababu ya ubingwa wa konferensi zote zilitolewa mechi yao ya kwanza, na mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa ili mapumziko yaende kwa wanne wa juu wa orodha, mabingwa au la.

Kisha ikaja 2025. Notre Dame na Miami, wote na vipigo viwili. Miami walikuwa wamewafunga Notre Dame 27 kwa 24 mwanzoni mwa msimu, lakini kwa wiki kadhaa kamati iliwaweka Notre Dame juu yao. Jumapili ya mwisho ikawageuza, Miami ndani, Notre Dame nje, ingawa hakuna kati yao aliyecheza wikiendi hiyo. Notre Dame walikasirika hadi wakakataa mechi yoyote ya kufungia msimu. Miami walikwenda mpaka fainali, Januari 2026, wakafungwa na Indiana 27 kwa 21. Indiana hao, chuo ambacho kwa miongo mingi kilijulikana kwa mpira wa kikapu na kwa kufungwa katika huu mwingine, walimaliza msimu na ushindi 16 bila doa. Hadithi kama hiyo NFL inayo mara chache, maana huko kanuni za mishahara na usajili zinazibana timu zifanane.

Saa za huku

Kwa mwangaliaji wa Afrika Mashariki hili linaweza kuamua kila kitu. Septemba na Oktoba, mechi za kwanza za NFL Jumapili zinaanza saa mbili usiku, za pili baada ya saa tano, na ile kubwa ya usiku ni saa tisa na dakika 20 alfajiri ya Jumatatu, wakati una kazi asubuhi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa nyuma, ongeza saa moja kwa kila kitu. Mechi zinazopelekwa London ndizo rafiki zaidi, saa kumi na nusu jioni zikichezwa Oktoba kwa ratiba yao ya kawaida. Walioko Oman waongeze saa moja, walioko mashariki ya Congo wapunguze moja.

Vyuo vinashinda hapa bila ubishi. Mechi za mchana za Jumamosi zinaanza saa moja jioni, au saa mbili kuanzia Novemba, na hata ukikesha kesho yake ni Jumapili. Kwa fainali zote mbili utakesha tu: Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, ya vyuo karibu saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumanne.

Basi nani achague nini

Ukitaka kuelewa haraka na kujihesabia mwenyewe, chukua NFL, na usichague timu kwanza. Chagua divisheni. NFC Kaskazini inafaa: Detroit, Green Bay, Minnesota na Chicago, timu nne, mechi sita za watani kila mmoja, na baridi ya kutosha. Ukifuata divisheni moja kwa msimu mmoja utaielewa ratiba ya ligi nzima bila kusoma chochote.

Ukiwa na mtu wako anasoma Marekani, au ndugu waliohamia miji kama Iowa City na Lexington, Kentucky, ambako jamii za Wakongo ni kubwa, chukua chuo. Majimbo hayo mawili hayana timu ya NFL hata moja. Jumamosi mji mzima unavaa rangi moja, na binamu yako atakuwa na la kukuambia kwenye simu. Vilevile kama unapenda ubishi kuliko jibu, vyuo ndiko kwenu. Jumanne za Novemba hazitakuangusha.

Asiyeweza kuamua asubiri wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Alhamisi Detroit wanacheza nyumbani, desturi yao ya siku hiyo iliyoanza 1934, na kwa saa zetu ni karibu saa tatu usiku. Dallas wanafuata. Jumamosi, kwa kawaida saa mbili usiku, ni Ohio State na Michigan.